Jozi Nyepesi

Nilitoka Tanga kwa basi nikiwa na ndala miguuni. Viatu nilikuwa navyo, ila vilikuwa ndani ya begi na begi lilikuwa chini ya mizigo ya watu wengine, na kwetu kiatu cha kufunika ni cha shule au cha harusi, hakuna anayesafiri nacho. Nilipita Dar, nikapita Tunduma, nikaingia Zambia, ile nchi isiyokwisha. Ulikuwa mwezi wa sita. Siku ya tatu alfajiri, kabla ya Lusaka, nilikuwa nimekalia miguu yangu kama kuku anayetamia na bado siisikii.

Kando yangu alikaa Mrundi mmoja kutoka Bujumbura, mtu mzima, amenizidi miaka kama kumi. Tulikuwa tumeongea kidogo tu mpakani. Alinitazama, akacheka, akainama na kuvua soksi. Alikuwa amevaa pea mbili, moja juu ya nyingine, akanipa ya juu.

"Vaa, mdogo wangu. Ni za jana lakini zina joto."

Nikazivaa, nikalazimisha mkanda wa ndala upite katikati ya vidole.

"Bon," akasema. "Sasa umekuwa bata."

Tulipomaliza foleni ya mpaka wa Beitbridge nilikuwa namwita kaka. Tulipofika Johannesburg tulipanga chumba kimoja Bertrams, upande wa uwanja wa mpira, vitanda viwili na jiko la umeme la jicho moja. Nilikuwa nimeshaishi miji minne kabla ya huo, na kila mmoja niliusifu baada ya kuuhama. Kaka alinicheka kwa hilo. Yeye alikuwa amehama mara moja tu katika maisha yake, na alikimbia, hakuchagua.

Kazi tuliyoipata ilikuwa Midrand, kwenye ghala la vyakula vya kugandishwa: kuku, samaki, mbogamboga za maboksi. Watu wanadhani baridi ya Johannesburg iko nje, ile ya Julai inayokausha midomo. Ndani ya friza ile ilikuwa digrii ishirini na tano chini ya sifuri, kiangazi na masika. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya pua vinasimama kama sindano. Tulipewa koti, kofia na glavu. Mabuti kila kibarua alijitafutia mwenyewe.

Jumapili ya kwanza kaka alikwenda kanisani, na mimi, ambaye siku yangu ni Ijumaa, nikatumwa kununua ya wote wawili. Tulivaa namba ile ile, nane. Aliniambia hivi, na nayakumbuka maneno: "Chagua wewe. Mimi sijui viatu vya baridi, na wewe umetembea."

Mama mmoja Mkongo alikuwa na kiduka cha viatu vya kazi, vipya na vilivyovaliwa, mitaa miwili kutoka kwetu. Namba nane za baridi alikuwa nazo jozi mbili, bei moja. Alizipanga mezani.

"Papa, hizi haziko sawa," alisema. "Beba."

Nikabeba. Jozi ya kwanza ilikuwa ya ngozi nene, na ndani ya ncha mna chuma cha kulinda vidole. Nzito kama jembe. Ya pili ilikuwa nyepesi hata nikadhani haina kitu ndani. Yule mama akaingiza mkono, akanionyesha bitana nene ya sufu, na soli ya ndani inayotoka ili ikaushwe kila jioni, maana jasho la mguu likibaki linakuwa barafu.

"Mutu wa friza asivae chuma. Chuma inakamata baridi. Na asivae ya kubana. Vidole vicheze ndani. Mzee wangu alifanya kazi ile, najua." Akanitazama. "Ya pili ni ya nani?"

"Ya kaka yangu."

"Basi uje wiki ijayo, nitatafuta ingine nyepesi."

Tulikuwa tunaanza kazi kesho yake. Nikazichukua zote mbili. Njiani, kwenye robot, nikisubiri taa iwake kijani, nilishika mfuko mmoja kila mkono, na mkono wenye jozi nyepesi ulikuwa umeshaamua.

Kaka alirudi kutoka kanisani na suti yake, akakuta jozi nzito juu ya kitanda chake. Akainua buti moja.

"Eish! Hili tofali."

"Kaka, joto lina uzito," nikamwambia. "Shuka na blanketi zito, lipi linakupa joto?"

"Blanketi."

"Haya basi. Na uvae soksi pea mbili."

Alicheka. "Mtu wa Tanga akishasema, nani atabisha?" Hapo alikuwa anasema kweli. Pale Bertrams Warundi na Wakongo walikiheshimu Kiswahili changu kupita kiasi. Nikisema jambo liliingia vizuri masikioni, na kwa hiyo walilichukua kuwa la kweli. Mimi mwenye kidato cha nne nilikuwa kama mwalimu.

Wiki ya kwanza miguu yangu ilikuwa na joto kama nimeiweka karibu na mkaa. Yeye alitoka kila mapumziko akipiga miguu chini, akisema inaimba. Soksi pea mbili ndani ya buti la kubana: damu ilikuwa haina pa kupita. Nililijua hilo. Kila asubuhi nilijiambia nitambadilishia kesho, na kila asubuhi niliinama nikafunga kamba za yale mepesi. Kiduka cha yule mama sikukirudia, nikaanza kuzunguka mtaa wa nyuma ili nisikipite.

Mwezi wa nane kidole chake cha mwisho cha mguu wa kulia kiligeuka rangi. Hospitali walikikata, pamoja na kidole cha jirani yake. Nilipokwenda kumwona aliniambia, na alikuwa ananifariji, "Baridi ya huku haina adabu, mdogo wangu. Bila yale mabuti uliyonichagulia, si ningepoteza mguu wote?"

Nilimmenyea chungwa.

Alirudishwa kazini, lakini nje, kwenye mlango wa kupokelea malori. Akitembea, aliukanyaga mguu wa kulia kwa upande. Na hapo likaanza jambo ambalo sikulitegemea. Kila Mrundi mgeni aliyepata kazi ya friza aliletwa chumbani kwetu kupewa maelekezo, na kaka aliyatoa kwa sauti ya fundi: nunua mazito, yenye chuma, soksi pea mbili. "Joto lina uzito," alimalizia, akininyooshea kidole. "Huyu ndiye alinifundisha." Nami nilikuwa pale, nakoroga chai.

Sijui ni wangapi. Nilisikia wawili wakilalamika miguu, na mmoja aliacha kazi.

Niliishi hivyo miaka mitano. Halafu ukanishika ule ugonjwa wangu wa kutaka kuondoka, safari hii moja kwa moja, kurudi nyumbani. Asubuhi ya safari kaka alinibebea begi hadi getini. Gari la kunipeleka stesheni lilikuwa linangoja, dereva anapiga honi. Akaja shemeji yake kaka, aliyefika kutoka Bujumbura wiki ile, kazi ya friza anaanza Jumatatu.

"Muulize mabuti kabla hajaondoka," kaka akamwambia. "Mimi nimeshakueleza, lakini mwalimu ndiye huyu."

"Mazito, siyo?" shemeji akaniuliza.

Dereva akapiga kelele, "Sharp, twende!" Ningeweza kupanda.

"Yasiwe mazito," nikasema. "Yasiwe na chuma, chuma kinashika baridi. Tafuta mepesi yenye sufu ndani, na soli inayotoka ukaikaushe. Soksi pea moja nzuri. Vidole vicheze."

Kaka aligeuka polepole. "Ulijua lini haya?"

"Siku ile ile. Yule mama wa kiduka aliniambia."

"Kabla hujaninunulia?"

"Kabla."

Hakupaza sauti. Aliweka begi chini, akauliza, "Yako wapi?"

Yalikuwa juu kabisa ndani ya begi. Niliyatoa. Akapokea buti moja kwa kiganja, akalipandisha na kulishusha, kama mtu anayepima nyama kwa mkono. Akampa shemeji yake yote mawili.

"Vaa. Chezesha vidole."

"Vinacheza!"

Kaka alisimama akiiangalia ile ncha ya buti ikitikisika. Kisha akainua begi langu, akaliingiza kwenye gari, akafunga mlango taratibu usinigonge. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita jina jingine zaidi ya mdogo wangu.

"Safari njema, bwana," akasema.

Gari likaondoka. Yeye alikuwa ameshageuka, anarudi ndani akikanyagia upande. Aliyenipungia mkono ni shemeji, hana habari, anapiga buti chini kujaribu soli.