Harusi Ambayo Mama Hakukaa

Usiku ule nililala na hasira. Jioni yake kamati ya harusi yangu ilikuwa imekaa sebuleni kwetu, hapa Morogoro, na kikao kilivunjika bila kukubaliana jambo hata moja. Mimi na mchumba wangu, Joeli, tulitaka harusi ndogo ila ya kupendeza, maua ya bustanini, chakula kizuri cha mchana, gauni la kuazima lililorekebishwa vizuri na fundi. Baba mdogo Gerson, ambaye ndiye mwenyekiti kwa kuwa baba yangu hayupo duniani, alisema harusi ya namna hiyo itamtia aibu mbele ya watu. Alitaka ukumbi mkubwa kule mjini. Kila nilichokipunguza, kulikuwa na mtu wa kukirudisha. Nikitoa keki ya ghorofa, inaingia keki ya wakwe. Nikikataa gari la kifahari, naambiwa yatakodiwa mawili. Mwisho Joeli aliondoka hata hajaniaga vizuri. Mama kazi yake ilikuwa kumimina chai. Alikusanya vikombe akaenda navyo jikoni, nami nikaingia chumbani nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Nikajikuta ukumbini, ule ule niliokuwa naukataa. Jua linawaka madirishani. Wapambaji wamepanda ngazi wanatundika vitambaa, na kila wakimaliza ukuta mmoja, ukuta unasogea nyuma, wanaanza upya. Nawaambia inatosha. Hawageuki. Nimevaa gauni la kuazima, na zipu inagoma. Nikiipandisha mgongoni, inashuka. Mshereheshaji ananiita kwa jina la mtu mwingine, na watu wanapiga makofi.

Mstari wa mbele amekaa Bibi Eliza.

Huyu ni bibi yangu mzaa baba, aliyefariki nikiwa chuoni. Amevaa kitenge na sweta lake, mkoba umekaa mapajani, kama alivyokuwa akikaa kanisani. Sikushangaa kumwona. Nilimwendea moja kwa moja, nikaanza kumlalamikia: ukumbi, zipu, Baba mdogo, Joeli aliyeondoka amenuna. Nilisema mengi. Bibi hakuyatazama mapambo wala gauni. Alikuwa anamfuata mtu kwa macho.

"Mama yako hajakaa," akasema.

Nikageuka. Mama anapita katikati ya meza na sinia la chakula. Anaweka sahani, anaokota nyingine, anarudi. Nikamwambia Bibi viti ni vingi, atakaa tu. Bibi akaendelea kumfuata kwa macho. Nikaenda kuchukua kiti, nikakuta kimefungwa utepe wenye jina la mgeni. Cha pili vilevile. Nikavuta kingine kwa nguvu, na mshereheshaji akaniambia kwa upole kwamba hicho kina mwenyewe.

Ninapoinua macho, hatuko tena ukumbini. Tuko uani kwa Bibi, kule Upareni, moshi wa kuni umetanda, na wageni ni wale wale. Mama sasa ni msichana. Amevaa gauni jeupe fupi, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, anapakua wali. Gauni hilo nalijua kutokana na picha pekee ya ndoa yao. Baba na mama walifunga ndoa bomani, mimi nikiwa tayari tumboni, wakarudi kwa Bibi jioni. Bibi hakuwa ameifurahia ndoa ile. Wageni waliokuja kuwapongeza, mama mwenyewe ndiye aliyewapikia.

Namwita. Sauti haitoki. Nakimbia kumpokea upawa, na ua unarefuka kila ninapopiga hatua.

Bibi amesimama kando yangu. Nilikuwa sijawahi kumwona ameinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyemwacha asimame," akasema. "Siku yake mwenyewe. Hilo usilirithi kwangu."

Nilitaka kumuuliza nifanye nini. Alikuwa amekwisha kuniachia mkono, ingawa sikumbuki aliushika saa ngapi.

Nikaamka. Kumekucha, na jikoni mafuta yanachemka. Mama alikuwa anakaanga maandazi ya watu. Alianza kupokea oda zile tangu kamati ilipoundwa, nami nilidhani anajichangamsha tu. Nikamuuliza oda hizo ni za nini hasa. Alijibu bila kugeuka kwamba shemeji yake, Gerson, alimwambia mama wa bibi harusi ndiye anayebeba gharama za mapambo ya ukumbi.

"Na wewe ulisema unataka papendeze," akaongeza.

Nikazima jiko. Nikamsimulia ndoto yote, na maneno ya Bibi nikayarudia kama nilivyoyasikia. Mama alibaki ameshika kijiko cha kuopolea, macho yakiwa dirishani.

"Alisema hivyo? Bibi yako?"

"Alisema hivyo."

Akakaa. Nami nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nikamwambia ukumbi haupo tena, na kwamba mimi mwenyewe nitampigia Baba mdogo, hata akikasirika. Tutakula uani kanisani, chini ya maturubai, na yeye hatagusa sahani ya mtu. Kisha nikamuuliza swali ambalo katika vikao vyote hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwemo: yeye angependa nini?

Alijifuta unga vidoleni.

"Matarumbeta," akasema polepole, kama mtu anayeomba kitu dukani na hana hakika kama kipo. "Siku ile bomani nilitamani sana nipigiwe matarumbeta."

Nikainuka kwenda kumpigia Joeli simu, tuyatafute.