Pikipiki Iliyoshikwa Kishushe

Usiku ule, kabla jogoo hajawika, Ajiambo alikuwa ameshamzika mwanawe mara mbili. Kwanza, akilini mwake, alimzika kwa kukanyagwa na ndovu. Kisha akamzika kwa kutumbukia shimo la wachimba madini. Alipochoka kulia akamwoza kwa mwanamke wa Kishushe mwenye watoto wanne, na hilo ndilo lililomnyima usingizi kabisa.

Trevor alikuwa ameondoka Voi asubuhi kwenda Kishushe kufundisha wakulima sheria. Kufikia jioni simu yake ilisema mteja hapatikani. Ajiambo akaketi kochini, nyumbani kwake mtaa wa Kaloleni, leso begani, akimwomba Mungu na kumgombeza kwa zamu. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, na sasa alikaanga samaki sokoni. Shule aliiacha darasa la sita, lakini macho yake hayakuacha kitu. Hata giza lililopita dirishani alilikagua.

Sheria yenyewe aliijua. Mwezi huo maafisa wa kilimo walipewa semina hapo Voi, wafunzwe namna ya kuwafundisha wakulima mambo ya mipaka, ya kukodisha shamba, na ya mifugo inayoingia kwa watu. Kila jioni Trevor alirudi kufanyia mazoezi sebuleni. Mama alikuwa darasa. Jogoo alikuwa fahali.

"Fahali akiingia shambani kwako utafanya nini?" Trevor aliuliza, kifua mbele, kalamu mbili mfukoni.

"Nitamchinja."

"Mama!"

"Haya. Sitampiga, sitamchinja. Nitamshika, nimfungie, nimpe maji. Halafu nitamwita mwenyewe na mashahidi, tupatane."

"Na huyo mwenyewe, utamfungia pia?"

"Mwenyewe ni mtu. Mtu hafungiwi."

"Vizuri sana."

Jogoo akanya kwenye mkeka, somo likaisha.

Kazi ya Trevor ilikuwa bado ya majaribio. Mkubwa wake alikuwa amesema atafika Kishushe siku ya pili, ajionee kama wakulima wameelewa. Wakielewa, kijana ameajiriwa. Wasipoelewa, arudi amsaidie mama kugeuza samaki.

Simu ililia alfajiri.

"Ni Mama Trevor?" Sauti ya mwanamke, taratibu. "Mimi ni Wakio, mkulima wa huku Kishushe. Usishtuke, dada. Simu ya mwanao imeisha chaji, lakini yeye amekula, amekunywa maji, amelala."

Ajiambo akainuka kochini. Hivyo ndivyo watu huanza kukuambia msiba. "Amelala vipi? Wa kuamka?"

"Anakoroma mpaka mbuzi wangu wamehama. Shida si yeye. Pikipiki yake imeshikwa."

"Na polisi?"

"Na mimi."

Kishushe si mahali pa kwenda kwa raha. Magari ni machache na barabara ni mawe matupu. Ajiambo aliposhuka kwenye bodaboda alikuwa amevaa vumbi kuliko nguo, na mkononi kashika mfuko wa samaki aliokusudia kumlainishia Wakio. Akawakuta wakulima wameketi mbele ya ghala la udongo, wametulia kama watu wanaongoja harusi.

Wakio, mama mrefu mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alimpeleka moja kwa moja shambani. Pojo zilikuwa ndiyo kwanza zimechipua baada ya mvua. Katikati yake ulipita mstari wa tairi, pembe hadi pembe.

"Alikuwa amechelewa," Wakio akasema. "Akakata kona. Akakanyaga pojo zangu akija kunifundisha habari ya kuingia mashamba ya watu."

Ajiambo aliutazama ule mstari, akajaribu bahati. "Si ni mbuzi hawa?"

"Mbuzi mwenye tairi?"

Kicheko kikapasuka huko ghalani. Mzee mmoja aitwaye Mwangangi akapaza sauti, "Tumefuata somo, mama! Pikipiki hatukuipiga. Hata maji tuliipa, ikakataa kunywa."

"Hapa kwetu," Wakio akaendelea, "aliyeharibu hupanda upya kwa mikono yake, mbele ya walioona. Akimaliza, mwenye shamba humlisha kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, maneno yakaisha. Tumemwambia tangu jana. Anasema afisa hapandi mbegu mbele ya wanafunzi wake. Ameingia ghalani kulinda pikipiki ya ofisi, akatia komeo kwa ndani."

Ajiambo akamnyooshea mfuko. Wakio akaupokea, akanusa. "Samaki wazuri, asante. Pojo bado zimelala."

Basi Ajiambo akaenda kugonga mlango wa ghala.

"Trevor!"

"Mama? Umekuja na nani?"

"Na aibu. Fungua."

"Mimi sijashikwa, Mama. Pikipiki ndiyo imeshikwa. Naweza kutoka wakati wowote."

"Basi toka."

"Sasa hivi sitaki. Mkubwa akinikuta nimeinama na jembe, wakulima wananicheka, atasemaje?"

"Na akikukuta nyuma ya magunia?"

"Lakini Mama, pale ni njia. Watu hupita."

"Watu wana miguu, Trevor. Wewe umepita na injini."

Akasikia wakulima wakikohoa ili wasicheke. Alimjua mwanawe: ukimbembeleza anakauka zaidi, kama muhogo ulioanikwa. Akavua viatu, akafunga leso kiunoni, akachukua jembe lililoegemea ukuta.

"Wacha, Mama Trevor," Wakio akamzuia. "Si wewe uliyeharibu."

"Fahali aliye humo ndani nilimzaa mimi," Ajiambo akasema kwa sauti ya sokoni. "Si mnasema mwenyewe huitwa? Nimeitwa, nimekuja."

Akaingia shambani kwenye mstari wa tairi. Samaki aliwajua, jembe hawakuwa wamezoeana. Shimo la kwanza alilichimba kama la choo, akamwaga konzi nzima ya mbegu.

"Mbili mbili, dada!" Wakio akasema. "Hulishi kuku."

Mwangangi alisogea karibu na mlango wa ghala, akaanza kutangaza kama mpira wa redioni. "Mama ameinama! Mama ameshika kiuno! Mama anafuta jasho kwa leso, jamani, hata pumzi hana!"

Pumzi alikuwa nayo. Lakini kiuno alikishika tena, na safari hii akaongeza na kilio kidogo.

Hapo ndipo, kwa mbali, akasikia gari likipanda mawe. Wakulima wakageuka kutazama vumbi. Mkubwa amefika. Ulimi ulimwasha Ajiambo amwite mwanawe, amwambie atoke upesi kabla kazi haijaota mbawa. Akaung'ata. Akadondosha mbegu mbili, akazifukia, akasogea hatua.

Gari likazimwa penye lango. Mwangangi naye akanyamaza.

Komeo likalia. Mlango wa ghala ukafunguka, na fahali akatoka bila viatu.