Chagua Moja, Uende Nayo

Mwezi uliopita nilirudi Kasese, ndugu yangu, baada ya miaka mingi ya kusema nitarudi, nitarudi. Nilipiga picha hovyo kama mtu aliyenunua simu jana. Nilipiga theluji ya Rwenzori asubuhi, kabla mawingu hayajaificha. Nikapiga barabara inayopanda kwenda Bulembia, kahawa iliyoanikwa kwenye turubai kule Kyondo, wapagazi wa Mpondwe wakivuka daraja la mpakani na magunia kichwani, na hata sahani yangu ya bundu, ule ugali wa muhogo unaonata vidoleni, na sombe, majani ya muhogo, pembeni. Jioni nikazituma zote kwenye kundi la WhatsApp la sisi tuliokulia kambini Bwera, watoto wa wanajeshi ambao leo tumetawanyika kuanzia Gulu mpaka Mbale.

Walinicheka kwanza. Mmoja aliuliza huyo mume wangu ananilisha nini siku hizi, maana nimejaa fremu yote. Kisha mwingine akatuma picha ya zamani, ya rangi iliyoanza kuwa nyekundunyekundu kama picha za wakati ule zinavyokuwa: watoto wamejazana nyuma ya lori la jeshi siku ya matembezi ya Krismasi. Akafuata mwingine, na mwingine. Tulikuwa tumepelekwa kwenye ile duara ya Ikweta kando ya barabara, kila mtoto mguu mmoja huku na mguu mwingine kule, tukijiona tumesafiri dunia nzima kumbe tutarudi kambini kabla ya chakula cha jioni.

Nikaziangalia moja moja. Nilikuwa nazijua hizo picha. Zilitoka kwetu.

Acha nikueleze. Kambini, mgeni akiingia nyumbani hakupewa soda, kwa sababu soda haikuwepo. Alipewa albamu. Mama aliifunga kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati, na mgeni akishaketi tu, ilishushwa na kuwekwa mapajani mwake, kisha mama akaenda jikoni kukaanga vitunguu. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na mgeni na kueleza. Huyu ni baba. Huyu ni baba tena, kabla hajanenepa. Hapa ni Kasese mjini. Huyu ng'ombe si wetu. Niliipenda kazi ile kupita shule, nakuambia kweli. Harufu ya vitunguu ilitujia, karatasi za nailoni za albamu zikanata na kuachana kwa sauti yake, na mgeni alilamba kidole kabla ya kufungua kila ukurasa. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kula.

Mpiga picha alikuja na pikipiki kutoka mjini siku za Jumapili, baada ya misa. Wanawake walijipanga mbele ya ukuta wa bweni uliopakwa chokaa, mmoja ameshika redio sikioni kana kwamba anasikiliza habari za maana, mwingine ameshika ua la kuchuma. Na viatu! Kambi nzima ilikuwa na jozi moja ya viatu vyeupe vya visigino, mali ya jirani yetu, mke wa sajenti. Mwanamke akimaliza kupigwa picha anavivua papo hapo, na anayefuata anaviingiza, vimtoshe visimtoshe. Siku ile kwenye kundi tulicheka mpaka machozi, kwa sababu kila mtu alikuwa ametuma mama yake, na kila mama alikuwa amevaa viatu vile vile.

Sasa sikiliza kwa nini picha zetu zilikuwa kwa watu. Uhamisho ulikuwa unakuja kama mvua ya milimani. Asubuhi mnachota maji pamoja, mchana lori linanguruma mlangoni na magodoro yamefungwa kamba. Mama aliyehamishwa alipita nyumba kwa nyumba kuaga, na desturi ilikuwa kwamba kila nyumba inamfungulia albamu achague picha moja. Hukumchagulia wewe. Alichagua mwenyewe, hata kama jicho lake limeangukia ile unayoipenda kuliko zote, na hukuruhusiwa kununa. Kuidai baadaye ilikuwa aibu kubwa, sawa na kumnyang'anya mtu chakula mdomoni.

"Chagua moja, uende nayo," mama alisema. "Usichukue ya mzee, yeye anakaa kama amekamatwa."

Na waliokuwa wanahama hawakumtaka mzee wetu. Walimtaka yeye. Aliwazalisha, aliwashikia watoto, aliwagawia chumvi, basi kila mmoja aliondoka na picha yenye uso wake. Baba alilalamika kwa ile sauti yake ya gwaride. "Wewe mama, utabaki na picha ya ng'ombe peke yake!" Mama alicheka tu. "Afande, mimi si niko hapa? Unataka picha ya nini, na mimi mwenyewe uko unaniona?"

Aliugua kabla sijamaliza shule ya msingi. Tulimpeleka kaskazini, kwao na baba, kumzika. Katika albamu ilikuwa imebaki picha moja yake, ile ndogo, nayo iliwekwa juu ya jeneza nyuma ya lori la wazi. Mvua ikanyesha njia nzima. Tulipofika, karatasi ilikuwa nyeupe, imebaki rangi kidogo ya bluu ya blauzi.

Kwa muda mrefu sikujali. Nilikuwa naye kichwani: mwanamke mkubwa, mnene kidogo, uso mpana wa utulivu. Lakini miaka ilivyokwenda uso ule ulianza kuyeyuka. Kwanza nikakosa masikio, kisha mdomo. Binti yangu mdogo ana jina lake, na aliponiuliza bibi alikuwa anafananaje, nilimtajia blauzi ya bluu tu. Niliingia chooni nikalia. Ndiyo maana nilikwenda Kasese na Bwera, ndugu yangu. Theluji na bundu zilikuwa kisingizio. Nilitaka kuona kama kuna mtu yeyote pale aliyebaki naye.

Basi wakati watu bado wanacheka habari ya viatu, nikaandika waziwazi: jamani, naomba mwenye picha ya mama yangu. Wakaenda kupekua albamu zao. Kisha zikaanza kuja. Moja ilimwonyesha mgongo, ameinama kwenye sufuria. Moja ilikuwa na mkono wake tu, begani kwa mtoto. Katika nyingine mpiga picha alikuwa amemkata shingoni ili redio iingie vizuri. Wengine waliandika kwa huzuni kwamba walikuwa nayo, ikaliwa na mchwa, ikaungua, ikabaki Lira nyumba ilipouzwa. Nikawashukuru wote na kuzima simu nisionekane ninavyolia, kana kwamba wangeniona.

Mmoja wetu sasa anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Mpondwe. Yeye ndiye aliyekumbuka mama wa makayabu, yule Mkongomani aliyekimbia kutoka upande wa Beni na kuuza makayabu, yaani samaki wa chumvi, karibu na lango la kambi. Mama alikuwa anakaa naye jioni, yule anaongea Kiswahili cha Kongo cha mutu na mutoto, mama kwa Kiswahili cha jeshi, na wanaelewana vizuri kuliko watu waliozaliwa nyumba moja. Alirudi kwao vita vilipotulia. Kumbe hadi leo huvuka daraja siku za soko. Mwenzetu wa forodhani alimtafuta, akamwambia habari yangu, na siku ya soko iliyofuata yule mama akaja na kitabu chake cha sala kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilitumiwa sauti yake kwanza.

"Mutoto ya afande, unanisikia? Ni mie, mama ya makayabu. Foto ya mama yako iko. Vita ilikuja, tukakimbia. Ikakuja ingine, tukakimbia tena. Vitu mingi nimeacha, hata nguo, lakini hii nilikuwa naibebaka ndani ya kitabu. Watu wananiambiaka, mama, unabeba mutu gani huyo? Nawajibu, dada yangu ya Bwera. Sasa weye ni mutoto yake. Ukisema nikutumie yenyewe, nitaituma na shofere ya lori."

Nikafungua picha. Sikumtambua.

Nilidhani mwenzetu amekosea. Mbele ya ukuta wa chokaa alisimama msichana mwembamba, blauzi ya bluu inamning'inia mabegani, meno ya mbele yana mwanya, macho yamefinywa na jua, amejikaza asicheke na ameshindwa. Kisha nikaitambua ile blauzi, nikaelewa: yule mwanamke mkubwa wa uso mpana niliyemtunza kichwani miaka yote alikuwa mke wa sajenti, mwenye viatu, aliyenilea miezi ile mama alipokuwa mgonjwa. Nilikaa jikoni na simu mkononi, nimeona haya mbele ya mama yangu mwenyewe.

Nilimjibu mama wa makayabu kwamba picha ibaki kwake. Nilitaka sana kuwa nayo, sikufichi, karatasi yenyewe ambayo vidole vya mama viliigusa. Lakini alipewa achague, na alichagua. Mwenzetu wa forodhani aliipiga vizuri kwa simu, na nimeitoa kwenye karatasi kubwa studio ya mjini. Binti yangu aliiangalia akaniambia bibi ni mzuri, kisha akaendelea na katuni zake.

Siku hizi mgeni akija kwangu namwonyesha picha kwenye simu. Anapitisha kidole, picha elfu zinapita, na simu yake ikilia ananirudishia yangu kabla hajafika popote. Hakuna mtoto anayekaa karibu naye kueleza nani ni nani. Kambi nayo ina majengo mapya, na ukuta ule wa chokaa sikuuona.

Mama alikufa akiwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo, mdogo kwa mbali. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nilipomwona. Watoto wanne, mume wa kuhamahama, nchi ya wenyewe, lugha ya kuokoteza, na bado akapata nguvu ya kugawa kila kitu hadi sura yake. Nilimwangalia yule msichana wa blauzi ya bluu kwa muda mrefu, na maneno yaliyonitoka hayakuwa ya mtoto kwa mama yake. Nilimwambia kwa sauti, pale jikoni, "Pole, mdogo wangu. Ulijitahidi sana."