Mtihani Unaoanza kwa Uongo wa Mteja

Yote ninayoyasimulia hapa ni kweli tupu. Naapa kwa pensheni yangu, na hiyo sichezi nayo.

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Mildred Amondi anaingia katika chuo kidogo cha ufundi wa stima mtaani Kongo, Kawangware, akiburuta gunia. Ndani mna pasi na redio alizoziharibu kwa mikono yake mwenyewe. Huo ndio mtihani.

"Kuharibu vizuri ni kazi," asema mwalimu huyu, mkazi wa Silanga, Kibera. "Nataka hitilafu inayojificha."

Zamani alitahini kwa karatasi. Kisha mwanafunzi wake bora, mwenye alama tisini na nne, akaitwa na jirani wa Amondi kutengeneza pasi. Alibadilisha waya mara mbili. Kumbe iliyokufa ni soketi ya ukutani, na hakuwa ameuliza.

"Nikajiuliza, zile tisini na nne nilimpa za nini?"

Sasa kila mtahiniwa huletewa mteja anayedanganya, maana wateja hudanganya. Alama sitini ni za maswali kabla bisibisi haijagusa skrubu. Swali la kubahatisha halipati kitu.

Juzi mteja nilikuwa mimi. Nilijigamba kwamba kijana akiuvunja uongo wangu, darasa zima litakula mandazi kwa pesa zangu. Nikaleta birika langu bovu la stima, siri yake nikamnong'oneza Amondi peke yake.

Nikaangukia mikononi mwa Njambi Kagiri. Muhula uliopita alianguka kwa kufungua redio bila kuuliza lolote. Fundi mmoja wa Riruta Satellite amemwekea nafasi, lakini bila cheti haingii.

"Sasa, guka," Njambi akaniita, yaani babu kwa Kikuyu. "Hii ilifanya nini?"

"Radi. Iliingia dirishani, ikazunguka meza, ikachagua birika. Tangu hapo linajizima maji yakiwa vuguvugu."

"Taa ziliungua?"

"Hapana."

"Na redio?"

"Inaimba tu."

"Kwa hivyo radi ilikuwa na kiu."

Darasa likaangua kicheko. Njambi alikuwa ameshika bisibisi, vidole vikimwasha. Akaiweka mezani.

"Guka, kwako chai ni ya rangi ama ya maziwa?"

"Ya maziwa, tena nzito."

"Na sufuria huoshwa na nani?"

"Sufuria ya nini na birika lipo?"

Nilipofunga mdomo nilikuwa nimechelewa.

"Umechemsha maziwa humu, guka. Yameungulia chini, ndiyo maana inajizima kabla maji hayajachemka."

Akasugua, akajaribu, likachemka.

"Themanini na tano, umepita," Amondi akasema. "Kumi na tano nimekata. Hukumwambia mteja asirudie."

Amondi anatamani siku moja watu wa Kibera wamletee vitu vyao wenyewe, aache kuharibu vizima. "Wataleta na uongo wao pia," asema.

Mimi nilikuwa nje kwa muuza mandazi, nikilipia darasa zima. Njambi akachukua lake, akaniinamia sikioni kwa sauti ya kusikika hadi kwa mwalimu.

"Guka, kuanzia leo maziwa ni kwa sufuria." Akageuka. "Madam, hizo kumi na tano sasa?"

"Mtihani uliisha, Njambi. Kula."