Isale la Mpakani

Nilifika kwenye kituo kimoja cha Kibosho kubadilisha mabati ya jiko, nikakaa karibu miaka miwili. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha mapema, nikabeba mizigo ya wageni mlimani, nikauza mitumba Kiboriloni, nikachimba mitaro ya maji, na kila mahali niliondoka pale nilipomaliza kuuliza maswali. Kibosho maswali hayakuisha upesi.

Kituo kilikuwa ukumbi mmoja nyuma ya kanisa, na uwanja wa nyasi. Asubuhi familia zilileta watu wao wenye ulemavu wa akili, jioni zikaja kuwachukua. Walikuwa watu wazima, wengine wana mvi, lakini sisi sote tuliwaita watoto. "Watoto wameshakula?" mpishi alikuwa akiuliza, na mmoja wa hao watoto alimzidi umri baba yangu. Kutwa nzima walitunga shanga. Wanunuzi hawakuwapo, na shanga hazipatikani bure, kwa hiyo jioni, wote wakishaondoka, kazi yangu ilikuwa kukata nyuzi na kumwaga shanga kwenye beseni ili kesho wapate cha kutunga. Nilimuuliza mlezi wa siku nyingi kama wanajua. Akasema hawajawahi kuuliza.

Kisha akaja mwalimu mpya, mama wa makamo kutoka Kirua Vunjo. Kwanza alipiga marufuku neno "watoto". Atakayelitamka ataosha masufuria. Mimi niliyaosha sana. Pili, kila Jumatatu aliwakalisha duara na kumuuliza mmoja mmoja: "Wewe unataka kufanya nini?"

Hakuna aliyejibu. Walitugeukia sisi walezi, kama vile jibu liko midomoni mwetu. Mwalimu alisubiri. Kimya kile kilinikera hadi nikawa nakohoa makusudi, naye ananitazama tu. Jumatatu zikapita hivyo hivyo. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, mabega mapana, ndevu zimeanza mvi, ambaye kila asubuhi alifika ameshika koti la kaka yake kwa nyuma.

"Ng'ombe," alisema.

Chini kidogo ya kituo aliishi mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, na wanawe wote wako Dar. Mwalimu akaongea naye. Siku za mwanzo nilimsindikiza yule bwana, halafu nikawa nasimama mbali, halafu nikaacha. Alikata majani, akayabeba kichwani, akazoa samadi, akanywesha. Mjane alikuwa na maneno mengi na watu wachache wa kuwaambia. "Mangi, leo umechelewa," alimwambia siku moja, akimtania kwa jina la machifu wa huku. "Huyu ng'ombe wako amenuna, hata kuniangalia hataki." Mwanamume akacheka mpaka akaweka mundu chini. Jioni mjane alimjazia chupa ya maziwa, naye akaipeleka nyumbani mwenyewe, ameikumbatia kifuani. Kwa kaka yake maziwa hayakukosekana, lakini yale yalikuwa yake.

Wengine wakafuata. Mama mmoja akahamia jikoni kumenya ndizi za mtori, mwingine akaenda kwenye vitalu vya kahawa. Meza ya shanga ikaanza kuwa na nafasi.

Siku moja wawili walipigana wakigombea fagio. Mwalimu hakuwatenganisha kwa kuwapa pipi, kama tulivyozoea. Alimtuma aliyeanza ugomvi akachume jani la isale, ule mmea wa majani marefu ambao huku unapandwa mpakani mwa vihamba, mashamba ya ukoo. Aliyekosa akija na isale mkononi, aliyekosewa hana ruhusa ya kumfukuza. Akilipokea, yamekwisha, na anachoombwa anatoa. Nimeona ndugu wasiosalimiana miaka wakilipokea huku meno wameyauma. Mlezi mmoja alinong'ona kwamba mambo ya wazee si ya kuchezea na watu kama hawa. Mwalimu akamjibu kwamba hawa ni watu wa hapa, na desturi ni yao pia. Jani likapokelewa. Mtu wa ng'ombe alisimama pembeni, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona, akitazama uso wa yule aliyepokea.

Ikaja masika. Ng'ombe mmoja wa mjane alikuwa karibu kuzaa, na mwanamume wetu alilijua hilo kabla hata mjane hajasema. Asubuhi moja, bado giza, alitoka kwa kaka yake akaacha geti wazi. Walipoamka hawakumkuta. Kaka alimtafuta migombani, akamtafuta barabarani, akaenda kwenye mfereji uliokuwa umefurika. Alikutwa bandani kwa mjane, shati limelowa ute wa ndama, anacheka. Kaka hakupiga kelele. Alivua koti lake, akamfunika, akaenda naye. Kesho yake hakuletwa, wala kesho kutwa.

Mimi na mwalimu tukapanda kwenda kwao. Nilitoa shikamoo, tukakaribishwa, tukaletewa chai na ndizi. Kaka alikuwa mtu mpole, na nilitamani asiwe hivyo. Alituambia kwamba kule mferejini alikuwa anachoma maji kwa mti, na kila alipouchomeka aliomba usiguse kitu. Akasema pia kwamba kwenye jumuiya watu wameshaanza kusema: marehemu mama yao alimwachia mgonjwa amtunze, naye amemtoa akazoe samadi za watu. Mwalimu akasema ndugu yake si mgonjwa, ni mtu mzima, na kazi ile ameichagua mwenyewe. Kwenda na kurudi atasindikizwa, na yeye mwalimu ndiye atakayemkabidhi mlangoni.

Kaka alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "wewe saa kumi unafunga geti. Geti langu mimi halina saa."

Kaka akasema hana kinyongo, atamrudisha kituoni, lakini akae ndani atunge shanga kama zamani. Mwenye kuzungumziwa alikuwa amekaa kizingitini, shingo ameigeuza kwetu, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Jumapili iliyofuata nilipita kuwasalimia baada ya misa. Kaka alikuwa uani na wazee wawili wa jirani, wanapokezana mbege, pombe ya ndizi. Nikakaribishwa kwenye benchi. Hatukuwa tumekaa sana, mdogo mtu akatokea migombani amebeba isale. Si jani. Alikuwa ameling'oa zima, shina na mizizi, na udongo unadondokea suruali yake ya kanisani. Ugomvi wa fagio ulikwisha kwa jani moja. Nadhani jambo lake aliliona kubwa zaidi. Akasimama mbele ya kaka yake, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Ng'ombe," akasema.

Mzee mmoja aliweka kata ya mbege chini. Hakuna pale asiyejua lile ni nini. Niliona mikono ya kaka ikianza kuinuka kutoka magotini, kweli niliiona. Kisha macho yake yakafika kwenye mizizi.

"Umeling'oa wapi?"

Mdogo wake akaelekeza kwa kidevu, chini ya kihamba. Huko ndiko kulikokuwa na mpaka uliokuwa ukigombewa tangu enzi za baba zao, na shahidi wake ni masale hayo tu, na jirani wa mpaka huo ndiye aliyekuwa ameweka kata chini. Mzee akainuka, akaenda kutazama.

"Kaka," nikasema, "amekuletea isale."

"Isale analeta mtu anayejua alichokosa," akanijibu kwa sauti ya chini. "Huyu amekosa nini? Niambie wewe."

Ningesema amekosa, ningekuwa namsingizia. Ningesema hajakosa, basi jani halikuwa na kazi. Lakini nilijua, na kaka alijua, kwamba mlevi yeyote wa kule, hata mwizi wa kuku, angekuja na lile isale mbele ya wale wazee, lingepokelewa.

Tukashuka wote mpakani. Shimo lilikuwa wazi kabisa, na bado wazee walibishana kidogo, huyu anasema lisogezwe huku, yule kule, mpaka wakakubaliana na shimo. Mdogo mtu alilishika isale lisimame wima, kaka yake akashindilia udongo kwa kisigino cha kiatu cha kanisani. Uso wa yule bwana uling'aa. Alidhani linapokelewa. Walipomaliza alifuta mikono, akamuaga kila mmoja wetu kwa adabu, akaanza kuteremka njia ya kwa mjane.

Kaka akamfuata, akamshika mkono. Hakumvuta. Aliushika tu, wakasimama hivyo, mpaka mdogo wake akageuka.

Jumatatu aliletwa, ameshika koti kwa nyuma. Mwalimu akawakalisha duara, akaanza kuuliza, na watu wakajibu: jikoni, vitalu, kufagia, na mmoja akasema anataka kulala, tukacheka. Alipomfikia mtu wa ng'ombe, akasita. Kumruka hakuweza. Kumuuliza nako niliona kunavyomtoka kwa shida.

"Wewe unataka kufanya nini?"

"Ng'ombe," alijibu, haraka na kwa sauti, kama tulivyomfundisha.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa aliyefuata. Jumatatu nyingine ikawa vile vile, na nyingine. Mjane aliwahi kuja hadi langoni kuuliza kama mangi wake anaumwa, nikamweleza, akaniachia chupa ya maziwa nimpe. Alikunywa amesimama, akanirudishia chupa, akarudi mezani. Alikuwa na mkono mzuri wa kutunga, rangi hazichanganyi ovyo: nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, hadi mwisho wa uzi. Kaka yake alipokuja kumchukua, mwenyewe aliuinua uzi wake ili tuuone.

Jioni nilichukua mkasi.