Nilivyowachagulia Watu Hadithi za Picha

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Ngara, na kila Jumamosi niliteremka mpakani Rusumo na mfuko wa hadithi za picha. Nasema vile vijitabu ambavyo hadithi nzima huchorwa ndani ya visanduku, na maneno ya kila mtu huandikwa kwenye kiputo juu ya kichwa chake. Vingi nilivipata kwa madereva wa malori waliokuwa wakisubiri karatasi zao za forodha. Dereva akishamaliza kijitabu chake, na lori bado halijaruhusiwa kuvuka, kilikuwa hakimfai tena. Basi tukawekeana utaratibu: lete kimoja, chukua kimoja. Asiye na cha kuleta alisomea palepale, kwenye mgahawa wa nguzo za mikaratusi uliofunikwa turubai la kambini.

Watu walidhani ujuzi wangu ni kuvijua vijitabu. Kazi kubwa ilikuwa kuuliza. Mtu akija sikumuuliza anapenda nini, kwa sababu anayeanza hajui bado anachopenda, atakujibu tu, "Chochote, mwalimu." Nilimuuliza mara ya mwisho alisoma nini mpaka mwisho. Aliyejibu "kitabu cha darasa la nne" nilimpa hadithi fupi ya watu wawili au watatu, yenye viputo vichache na michoro mikubwa. Lakini lazima iwe hadithi ya watu wazima: ya shamba, ya ndoa, ya kesi ya mpaka. Ukimpa baba wa watu hadithi ya sungura kwa sababu tu anasoma polepole, atakurudishia kwa heshima na hutamwona tena.

Wanafunzi wa sekondari walitaka ngumi. Niliwapa ngumi, kisha safari iliyofuata nikawachagulia yenye ngumi chache na maneno mengi kidogo, na hawakulalamika.

Wagumu walikuwa madereva. Hao walikuwa wamesoma kila kitu njiani. Mmoja wao, mtu wa Morogoro aliyeendesha lori la mahindi ya msaada, alikuwa akinirudishia vijitabu kwa dharau ya kirafiki.

"Mwalimu, huyu mwizi nimemjua chai haijapoa."

"Ulianza kusoma nyuma."

"Nani asome nyuma? Amechorwa masharubu. Mwenye masharubu ndiye siku zote."

Tangu hapo, kabla ya kumpa kitu dereva yule, nilikagua masharubu kwanza. Nilimwekea zile ndefu za mfululizo, ambazo mtu mwema wa mwanzoni huna hakika kama atabaki mwema.

Chai hiyo aliipika mama mmoja mzaliwa wa Bukiriro, aliyeolewa karibu na Rusumo. Kwa muda mrefu alitutazama tu. Jumamosi moja alifuta mikono kwenye khanga, akaja kusimama mbele yangu.

"Mwalimu, nami nichagulie."

Nilimuuliza alichosoma mwisho. Akasema ni somo la kwanza la misa, alipokuwa msichana, na alilisoma vibaya. Kisha akanieleza sababu. Zahanati ya kambini ilikuwa inatafuta wakalimani, watu wa kukaa kati ya daktari na mgonjwa. Wenyeji tulitafutwa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa Kihangaza chetu na lugha za wakimbizi vinasikilizana bila shida. Ila kulikuwa na usaili: usome karatasi ya Kiswahili kwa sauti, halafu uyaseme maneno hayohayo kwa Kihangaza mbele ya mganga mkuu wa zahanati.

"Huu moshi unanimaliza macho," alisema. "Nikikosa kazi hiyo, nitakuwa hapa jikoni mpaka nisione."

Nilimpa hadithi ya majirani waliogombania ng'ombe. Nilimwonyesha jinsi ya kufuata visanduku: kutoka kushoto kwenda kulia, ukifika ukingoni unashuka chini, na kamkia ka kiputo kanakuonyesha mwenye maneno. Alikuwa msomaji mzuri kuliko alivyojidhania. Palipoandikwa "kulala" alisoma "kurara", nami sikumkatiza. Nusu ya watu wa huku tunasema hivyo, na maana haikupotea. Shida ilitokea kwenye mchoro ambao kijana anaingia uani kwa mzee mmoja. Kwenye kiputo paliandikwa, "Mzee, ng'ombe wako wameingia shambani kwangu."

Mama akasoma, "Shikamoo mzee. Ng'ombe wako wameingia shambani kwangu."

Dereva wa Morogoro aliinua kichwa. "Dada, hiyo shikamoo umeitoa wapi?"

"Kwani kijana huyu hakulelewa?"

"Haikuandikwa!"

"Mchoraji amesahau. Na mimi nisahau?"

"Haya, mimi ndiye mzee. Marahaba mwanangu! Ng'ombe gani tena?"

"Na wewe umeongeza," nilimwambia dereva, na mgahawa mzima ukacheka.

Ukurasa uliofuata aliingia binti kwa shangazi yake, na mama akaongeza salamu tena. Alipofika mjumbe, ikawa vilevile. Nilimweleza taratibu kwamba mchoraji ana nafasi ndogo, kwa hiyo salamu huachwa nje ya visanduku, na msomaji anaelewa kwamba zilikuwapo. Nikamweleza pia kwamba siku ya usaili watasikiliza kama maneno yanafika yalivyo. Ukiongeza jema leo, watajiuliza kesho utaongeza nini.

Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Sasa mzee wa watu nitamuulizaje habari za kuhara kwake kabla sijamwamkia?"

Nilichoweza ni kubadilisha kijitabu. Nilipekua mfuko nikatafuta hadithi ambayo hakuna anayeingia mahali: mume na mke wako ndani tangu mwanzo, mvua inanyesha, wanagombana mpaka mwisho. Hapo salamu hazikuwa na pa kukaa. Aliisoma neno kwa neno, mpaka yale matusi, akiwa ameziba nusu ya mdomo kwa khanga. Jumamosi iliyofuata nikampa ya askari, ambayo watu wanaamrishana tu. Dereva alisoma sehemu ya mkubwa wa askari kwa sauti iliyowafanya wateja wageuke, naye mama akamjibu, "Ndiyo afande," bila kuongeza kitu, huku akigeuza chapati.

Ndipo tukarudi kwa majirani na ng'ombe wao. Alipofika uani kwa mzee alinyamaza kidogo, akauinamishia ule mchoro kichwa, kisha akasoma yaliyoandikwa. Nilimwambia hivyo inatosha kabisa. Kunyamaza hakuongezi neno.

Wiki ya usaili nilibaki shuleni, kwa hiyo habari zake nilizipata Jumamosi, mgahawani. Dereva alikuwapo, lori lake limekwama tena. Mama alisimulia akiwa amesimama mlangoni.

Kusoma kulikwenda sawa. Karatasi ilikuwa na picha za mhudumu akimuuliza mgonjwa: umeanza lini kuharisha, unakunywa maji ya wapi. Lakini ulipofika wakati wa Kihangaza, mganga mkuu hakutaka aiambie karatasi. Walimletea mzee wa kweli, mkimbizi, wakamkalisha kwenye benchi mbele yake.

"Nikamwamkia," mama alisema.

"Mungu wangu," dereva alisema.

"Nikamuuliza na habari za watoto. Mganga akaninyooshea kalamu: hayo yameandikwa wapi?"

"Ukasemaje?" niliuliza.

"Nikamwambia, hayakuandikwa, hayo ni yangu. Ya karatasi yanaanza sasa. Nikamgeukia mzee, nikamwambia na yeye hivyohivyo: baba, yaliyopita ni yangu, yanayofuata ni ya daktari. Basi nikayasema yote, sikupunguza, sikuongeza. Mzee akajibu hadi ambayo hakuulizwa."

"Na hayo ambayo hakuulizwa?"

"Nikamfikishia mganga yalivyo. Si ni ya mzee? Yangu yapi hapo?"

Dereva alishindwa kuvumilia. "Dada, sema basi! Wamekuchukua?"

"Naanza Jumatatu."

Tulimpongeza, kila mtu kwa lugha yake. Kelele zilipopungua dereva akakitazama kikombe chake kilichokuwa kitupu.

"Na sisi chai?"

"Kuni ziko nyuma, kaka. Majani yapo kwenye kopo."

Alivuta kiti akakaa upande wetu, upande wa wateja. Dereva akamtazama, akanitazama mimi, kisha akainuka kwenda kupuliza moto.