Kidokezo cha Machimbo ya Skalka

Vlasta Hrušková alikuwa msambazaji barua hadi alipostaafu, na mumewe Luboš alikuwa fundi wa treni. Uzeeni wakanaswa na mchezo mmoja. Unaficha kiboksi msituni, unaweka namba za mahali hapo mtandaoni, na wageni wanakuja na simu zao kukitafuta. Chini ya namba huandikwa kidokezo, maneno machache ya kumsaidia aliyekwama.

Vlasta aliandika kama alivyokuwa akielekeza watu njia: "Nyuma ya kibao, usawa wa goti." Luboš akamcheka.

"Mama, hicho si kidokezo, hicho ni kumtafunia mtu chakula."

"Mtu ametoka mbali, mvua inanyesha. Mpe apate arudi kwake."

"Akitaka raha akae nyumbani anywe bia."

Kiboksi cha machimbo ya mawe ya Skalka kilikuwa cha Luboš. Alikisukumia chini ya mzizi wa msonobari, kisha akaandika: "Anayeinama hapati." Maana yake upige magoti kabisa. Alijipongeza kwa utani huo mwezi mzima. Waliokwama walimpigia simu, naye alizipokea kwa madaha kama chifu.

Novemba, miamba ikiwa imelowa ukungu, Kamil Dobiáš, muuguzi wa wodi ya wazee, aliusoma ule mstari akadhani anaambiwa atazame juu. Akapanda ukuta wa machimbo. Waokota uyoga ndio walioukuta mwili wake.

Polisi wakasema ni ajali. Luboš akalishika neno hilo kwa mikono miwili. "Umesikia? Ajali. Kwani mimi ndiye niliyemsukuma?"

Vlasta akaingia jikoni. Alioka mkate wa plamu, akaenda nao kwa mama wa marehemu, akiwa hana hakika kama atafunguliwa mlango. Akafunguliwa. Mama Dobiášová aliuweka mkate mezani bila kuukata.

"Hicho kitu kilikuwa wapi?" akauliza.

"Chini, mama. Chini kabisa."

"Nipeleke."

Wakaenda. Vlasta akapiga magoti kwenye matope, akaingiza mkono chini ya mzizi, akatoa kiboksi cha plastiki kisichozidi sabuni ya kuogea. Mama Dobiášová akatazama mzizi, akainua macho hadi ukingo wa ukuta, akayarudisha tena chini.

"Mtoto wa chekechea angekifikia," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Wewe sina neno nawe. Mumeo je, amekwambia walivyozungumza?"

"Walizungumza na nani?"

"Mwanangu alimpigia simu akiwa hapa hapa. Polisi wamenirudishia simu yake, namba ya mumeo ndiyo ya mwisho. Nimempigia mara nne. Hapokei."

Vlasta alifika nyumbani magoti bado yana matope. Luboš alikuwa anakunywa supu ya vitunguu saumu.

"Kamil alikuuliza nini?"

Kijiko kikasimama. Luboš akalisukuma bakuli pembeni.

"Aliniuliza kama ni juu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mtafutaji hodari haulizi." Akakiweka kijiko mezani. "Nilicheka, Vlasta. Naye akacheka. Akasema, haya mzee, ngoja nijaribu."

"Neno moja tu, Luboš. 'Hapana.' Lingekugharimu nini?"

Vlasta akahamishia blanketi zake chumba cha nyuma. Juma lile alivitoa viboksi vyote vya mumewe msituni, na kwenye vyake akazidi kufafanua. "Kipo chini. Usipande popote. Ukikwama nipigie, nitakuelekeza." Wachezaji wengine wakamdhihaki kwamba ameua ladha ya mchezo. Aliwaacha waseme.

Januari Luboš alivaa koti lake la kazi, akaenda mwenyewe kwa Mama Dobiášová. Akagonga. Pazia likasogea, kisha likarudi mahali pake. Hakugonga tena wala hakuondoka. Alisimama getini, theluji ikamjaa mabegani, hadi jirani mmoja akampigia simu Vlasta.

Vlasta akaja akamshika kiwiko. "Twende. Hatafungua."

"Nitamwambia lini sasa?"

"Labda hataki kuambiwa."

Wakashuka mtaa ule wenye utelezi, yeye akimshikilia mumewe asianguke, bila kumtazama usoni.